Jengo moja, wenyewe wengi: namna ya kuzisoma ghorofa za maduka za Tanga mjini

Ukisimama kwenye Bustani ya Uhuru, Tanga mjini, ukachagua ghorofa moja ya zamani, maduka chini na madirisha ya mbao juu, kisha ukauliza ni ya nani, utapata majibu matatu manne na yote yatakuwa ya kweli. Mwenye duka atasema ni ya Shirika, yaani Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wa barazani watakutajia ukoo wa Kihindi ulioondoka zamani, na kwao hiyo itabaki "nyumba ya fulani" hata siku ikibomolewa. Dalali atakuambia usihangaike na hao, wa kuzungumza naye ni aliyeshika ufunguo. Ukifika ofisi ya ardhi utaambiwa kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na mtu hana ila haki ya kuikalia kwa muda.

Hawa hawabishani. Kila mmoja anazungumzia kitu chake. Ardhi ina habari zake, kuta zina zake, ufunguo una zake, na hata sura ya jengo ina sheria inayoigusa. Kila kimoja kimepita mikononi mwa watu tofauti kwa wakati tofauti. Ndiyo maana anayeandika historia ya jengo kwa kufuata jina moja tu, lile lililoandikwa juu kwa herufi za saruji, huishia katikati ya safari.

Tuanze na jengo lenyewe lilivyo, maana umbo lake lilikuja kuwa na uzito kisheria. Chini ni duka, lenye milango mipana ya kukunja. Mbele ya duka kuna njia iliyofunikwa na ghorofa ya juu na kushikiliwa na nguzo, ili mteja atoke duka hadi duka asipigwe na jua wala mvua ya masika. Juu ni makazi, na roshani inayotazama barabara. Nyuma kuna ua, stoo na jiko. Mwenye mali alilala juu ya bidhaa zake, akashuka asubuhi kufungua, akapanda mchana kula. Wengine waliendelea hivyo miaka yote. Wengine, mambo yalipowanyookea, walijenga nyumba Raskazone upande wa bahari, ghorofa ya mjini wakaipangisha yote, chini na juu. Uamuzi huo ulionekana mdogo wakati huo.

Fedha za kujengea zilitoka wapi? Bandarini, relini na shambani. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza Tanganyika. Ikafika Muheza 1896, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida ikapitia Hamburg; iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ndipo ulipoanza mkonge ulioifanya Tanga iwe Tanga. Reli nayo iliugawa mji pande mbili, na mpaka ungalipo: kaskazini, kuelekea bandarini, ziko Boma ya zamani, mabenki na maduka makubwa, kusini iko Ngamiani na barabara zake za namba.

Mkonge haukupanda bei kwa mstari ulionyooka. Ulipanda kwa vita. Mwaka 1942 Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, nchi zilizokuwa zikipigana nao zilikosa nyuzi za kamba za huko, zikaigeukia Tanganyika. Ilipozuka vita ya Korea mwaka 1950 bei ikaruka tena. Fedha hiyo haikubaki mashambani. Ilishuka kwa reli hadi kwa muuza vitambaa, muuza vipuri, muuza baiskeli, na kutoka kwao ikaingia kwenye zege. Ukiona ghorofa ya Tanga yenye kona za mviringo na vivuli vya zege juu ya madirisha, katani imo humo ndani. Na wajenzi wa zama zile walipenda kuandika mwaka juu kabisa, kwenye paji la jengo, pamoja na jina la mzee au la ukoo. Yalikuwa majigambo halali. Mwaka huo uweke akilini.

Ardhi iliyo chini

Chini ya kuta hizo kuna habari iliyotangulia. Kwa tangazo la mwaka 1895, serikali ya Ujerumani ilijitwalia ardhi yote ya koloni ambayo haikuwa na mtu wa kuithibitisha kuwa yake. Kisha katika miji ikawauzia watu viwanja kwa milki ya kudumu, yaani isiyo na ukomo wa miaka. Hati za namna hiyo zilikuwa chache ukilinganisha na nchi nzima. Wakati wa uhuru zilikuwa kama asilimia moja tu ya ardhi ya Tanganyika. Lakini zilirundikana mahali penye faida: mashamba ya mkonge na katikati ya miji kama Tanga.

Ikaja vita. Novemba 1914 Waingereza na askari wao wa Kihindi walishuka Tanga, wakaingia hadi mitaani, wakatimuliwa na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani. Mji wenyewe ulichukuliwa Julai 1916. Baada ya vita mali za Wajerumani zilihesabiwa kuwa mali za adui, zikataifishwa na kupigwa mnada. Walionunua walikuwa Wahindi, Wagiriki na Waingereza. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanaona jina la Kigujarati juu ya jengo lenye kuta nene za mtindo wa Kijerumani, wanadhani mmoja kati ya hao wawili amekosewa. Hakuna aliyekosewa. Mmoja alijenga, mwenzake akanunua mnadani, akaongeza ghorofa au akabadilisha uso, na hati ya milki ya kudumu ikahamia kwake.

Serikali ya Mwingereza, kwa sheria yake ya ardhi ya mwaka 1923, iliacha kutoa milki za kudumu, ikatoa haki ya kukalia ardhi kwa miaka maalumu, isiyozidi 99. Kwa hiyo kwa miaka arobaini viwanja viwili vinavyopakana mtaa mmoja vingeweza kuwa na hati za aina mbili kabisa: kimoja cha milele, kingine cha miaka. Kwa jicho havitofautiani.

Mwalimu Nyerere hakuipenda ardhi ya kuuzwa kama bidhaa, na alisema hivyo tangu kabla ya uhuru. Mwaka 1963 sheria ilizigeuza milki zote za kudumu kuwa pango la serikali la miaka 99, hesabu ikianza Julai mwaka huo. Mwaka 1969 mapango hayo nayo yakageuzwa haki ya kukalia ardhi, kwa miaka iliyokuwa imesalia. Piga hesabu: kiwanja kilichouzwa na Mjerumani kwa milki isiyo na mwisho kina mwisho, nao ni mwaka 2062, isipokuwa kama hati yake imeshatolewa upya kwa masharti mengine. Nawaona watu wakinunua majengo ya zamani kwa fedha nyingi bila kuuliza swali hili dogo la miaka iliyobaki, na sielewi ujasiri huo unatoka wapi.

Aprili 1971

Sasa turudi kwenye kuta, na kwenye ule mwaka ulioandikwa pajini.

Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya serikali kutwaa majengo. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kugusa mabenki, viwanda na mashamba ya mkonge. Safari hii zamu ilikuwa ya majumba ya kupangisha. Kipimo kilikuwa na sehemu mbili. Kwanza thamani: jengo lililofikia shilingi 100,000. Pili matumizi: jengo ambalo mwenyewe alilikalia lote halikuguswa, lililopangishwa ndilo lililotwaliwa. Yule aliyebaki juu ya duka lake alikuwa na hoja ya kujitetea. Yule aliyehamia Raskazone akapangisha hakuwa nayo.

Na fidia? Hapa ndipo mwaka wa pajini ulipomgeuka mwenye jengo. Sheria iliona kwamba jengo lenye umri wa miaka kumi au zaidi limekwisha kurudisha gharama zake, kwa hiyo halikuwa na fidia. Jengo changa zaidi lililipwa kadiri ya umri wake. Chukua ghorofa iliyoandikwa 1952, mwaka wa neema ya mkonge: fidia yake sifuri. Miaka iliyotajwa kwa fahari juu ya maduka ya Tanga karibu yote ilikuwa ya kabla ya 1961.

Wapo wanaoieleza sheria hii kama wizi, na wapo wanaoieleza kama haki iliyochelewa. Mimi naona maelezo yote mawili yanaruka jambo la msingi. Ni kweli kwamba katikati ya mji majengo ya kupangisha yalikuwa mikononi mwa watu wachache, wengi wao wa asili ya Asia, na kwamba mgawanyo huo haukutokea kwa bahati tu: mipango ya miji ya wakoloni iliwaweka Wazungu kwao, Wahindi kwao na Waafrika kwao, na ruhusa ya kujenga kwa mawe na zege ilifuata mgawanyo huo. Ni kweli pia kwamba kwa familia ya kawaida ghorofa ile moja ndiyo ilikuwa akiba ya uzeeni, bima na mahari ya mabinti. Sheria haikutofautisha mwenye ghorofa kumi na mwenye moja, ilimradi thamani imefika. Palikuwa na baraza la rufaa, na baadhi ya majengo yalirudishwa. Lakini watu wengi hawakusubiri. Walifunga, wakaenda Uingereza na Kanada, na Tanga ikabaki na majina yao juu ya kuta zisizo zao.

Majengo yaliyotwaliwa, pamoja na haki ya ardhi iliyokuwa chini yake, yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kuyasimamia. Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwapo tangu 1962, lakini kazi yake ya awali ilikuwa kujenga nyumba mpya. Viwili hivi vilikaa mbalimbali hadi sheria ya mwaka 1990 ilipomvunja Msajili na mali zake kuingia kwenye Shirika. Ndiyo sababu mzee atakuambia "ya Msajili" na kijana "ya Shirika", na wanazungumzia jengo lilelile.

Aliyeshika ufunguo

Mwenye kuta alipobadilika, mpangaji mara nyingi hakubadilika, au alibadilika kwa njia ambayo daftari la ofisi halikuiona.

Duka la chini ndilo lililopitia mengi. Kampuni kubwa za biashara ya jumla zilikwisha kuchukuliwa na serikali mwaka 1967. Miaka ya 1970 kampuni za biashara za mikoa, zile tulizoziita RTC, zikawa ndizo zenye kugawa sukari, sabuni na khanga. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, kusukuma ushirika mahali pa duka la mtu binafsi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakazificha bidhaa hata zile walizonunua kihalali. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mali, na rafu zilizokuwa tupu zikajaa. Mkonge nao ulikuwa umekwisha kuanguka: kutoka tani takriban 230,000 za mwaka 1964, nchi ilishuka hadi kama tani 20,000 mwishoni mwa karne. Nyuzi za plastiki zilikuwa zimeshika soko la kamba. Kwa mji uliojengwa na katani hilo lilikuwa pigo zito kuliko sheria yoyote, na ndilo linaloeleza kwa nini ghorofa nyingi za Tanga zimebaki zilivyo: hapakuwa na fedha ya kuzivunja. Umaskini umehifadhi majengo mengi kuliko wahifadhi.

Wakati huohuo kodi ya pango ilikuwa imebanwa na sheria ya kudhibiti kodi, iliyodumu kwa sura mbalimbali hadi ilipofutwa mwaka 2005. Kodi ikiwa ndogo na mahali pakiwa pazuri, tofauti ya thamani haipotei, hutafuta mfuko mwingine. Ikaingia kilemba. Anayetoka hulipwa na anayeingia ili amwachie ufunguo, na kilemba cha duka zuri kinaweza kuzidi kodi ya miaka mingi. Mwenye jengo hapati hata senti, na mkataba wake hautambui jambo hilo. Kwa hiyo dalali hakukudanganya. Katika soko halisi la mji, kinachouzwa kwa miaka mingi ni ufunguo, na mwenye ufunguo ana mali ambayo haimo kwenye hati yoyote.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza rangi. Mpangaji hupaka duka lake chini, kwa rangi anayoipenda au anayolipiwa na kampuni ya simu, lakini hapandi juu kuziba paa, maana paa si lake. Mwenye jengo anayepokea kodi ndogo naye haoni haraka. Maji huingia juu, hushuka ndani ya ukuta. Hapo ikija fedha ya ukarabati, fundi hupiga plasta ya saruji, kwa kuwa kiwanda kipo hapo Pongwe tangu 1980 na chokaa ya kuchoma imekuwa ya kutafutwa. Kwa jengo la zege si neno. Kwa ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa ni hatari: ukuta huo hunywa unyevu na kuutoa, saruji huufungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuibandua vipande vipande. Unaonekana umezeeka, kumbe umezibwa pumzi.

Yasiyotwaliwa, na mlango

Si kila ghorofa iliingia kwa Msajili. Yale ya thamani ndogo, yaliyokaliwa na wenyewe, ya wakfu na ya misikiti na jumuiya yana njia zake. Ya familia yana tatizo la mirathi. Babu alikufa, hati ikabaki kwa jina lake. Watoto sita, wajukuu ishirini, wengine Toronto, wengine Mombasa, na hakuna aliyefungua mirathi mahakamani ili ateuliwe msimamizi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji, na wajukuu wengi si raia tena. Jengo kama hilo haliuziki kwa usalama, halikopesheki, na mara nyingi halikarabatiwi. Likidondosha roshani, mji mzima unauliza serikali iko wapi, kumbe linalokosekana ni sahihi ya msimamizi wa mirathi.

Kuhusu uhifadhi wenyewe kuna jambo linaloshangaza. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Baada ya hapo hadi Waziri atangaze. Tanga ya maduka karibu yote ni ya baada ya mwaka huo, hivyo ghorofa ya 1925 yenye nguzo nzuri haina ulinzi wa moja kwa moja. Lakini sheria hiyohiyo inautaja mlango: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, na hautolewi nje ya nchi bila kibali. Basi inawezekana kabisa mlango ukawa na haki ambayo nyumba yake haina. Bagamoyo, ambako biashara ya misafara ilijenga kwa mawe mapema zaidi na milango ya nakshi ni mingi, jambo hili linajulikana. Tanga watu hushangaa ukiwaambia. Hapa uhifadhi umetegemea zaidi hiari, kama ilivyotokea kwa Boma ya zamani ambayo sasa ni makumbusho ya Urithi.

Mtu anayetaka kuifuatilia ghorofa moja hadi mwisho aanze na namba ya kiwanja na kitalu, si na jina la duka. Kwa namba hiyo ataomba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hati za Tanga kwa miaka mingi zilishughulikiwa Moshi, kwenye ofisi ya kanda ya kaskazini, kwa hiyo asishangae akiambiwa jalada la zamani liko huko. Upekuzi utamwonyesha uhamisho, rehani na kama jengo liliwahi kuwa la Msajili wa Majumba. Habari za kabla ya hapo, enzi za Mjerumani na za mnada wa mali za adui, azitafute Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwaka ulioandikwa ukutani autumie kwa tahadhari, maana unaweza kuwa wa ghorofa ya juu tu, au wa uso mpya uliopachikwa kwenye nyumba ya zamani. Kilemba hatakikuta popote isipokuwa vinywani mwa watu. Na akionyeshwa risiti za kodi ya jengo kama ushahidi wa umiliki azirudishe kwa adabu: tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye LUKU, na katika ghorofa za mjini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji.